Eswatini: Hukumu hutolewa, neno la mwisho hubaki la mfalme

USIKU wa Januari 21, 2023, wakili wa haki za binadamu nchini Eswatini, Thulani Maseko, alipigwa risasi akiwa nyumbani kwake pamoja na familia yake, akafariki dunia. Saa chache kabla ya hapo, Mfalme Mswati III alikuwa amehutubia kwa maneno makali dhidi ya wanaodai mageuzi ya kisiasa. Serikali ilikanusha kuhusika na mauaji hayo.

Maseko hakuwa mtu wa msituni. Uwanja wake ulikuwa mahakama. Mwaka 2014 alifungwa pamoja na mhariri wa jarida la The Nation, Bheki Makhubu, kwa makala zilizomkosoa Jaji Mkuu wa wakati huo, na wote wawili wakaachiwa huru mwaka 2015 baada ya rufaa yao kusikilizwa. Alipouawa alikuwa akiongoza jukwaa lililokusanya makundi mbalimbali yaliyotaka mazungumzo ya kitaifa.

Kifo chake kiliamsha upya swali ambalo nchi hiyo ndogo, yenye watu takriban milioni 1.2, imekuwa ikilikwepa kwa zaidi ya nusu karne. Swali lenyewe si kama Waswazi wawe na mfalme au wasiwe naye. Wengi wa wanaoandamana hawadai kiti hicho kivunjwe. Wanachouliza ni hiki: mahakama inaposema hapana, au mbunge anaposema hapana, je, mfalme anabanwa na jibu hilo?

Barani Afrika zimebaki nchi tatu tu ambazo mkuu wa nchi ni mfalme: Morocco, Lesotho na Eswatini. Nchini Lesotho mfalme hana madaraka ya utendaji. Nchini Morocco mfalme ana nguvu kubwa, lakini vyama vya siasa vinashindana, na Katiba ya mwaka 2011 inamtaka achague mkuu wa serikali kutoka chama kilichoongoza katika uchaguzi. Eswatini ni habari nyingine kabisa. Vyama haviruhusiwi kugombea, mfalme humteua Waziri Mkuu, na kwa desturi mteuliwa huwa ni mtu wa ukoo wa Dlamini, ukoo wa mfalme mwenyewe.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mambo ya wafalme yanaweza kuonekana kama historia iliyofungwa zamani. Tanganyika iliyafuta kisheria madaraka ya machifu mwaka 1963. Zanzibar ilimwondoa Sultani Jamshid bin Abdullah kwa mapinduzi ya Januari 12, 1964, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Desemba 1963. Alifariki dunia nchini Oman Desemba 2024. Uganda ilizifuta falme zake mwaka 1967, ikazirejesha mwaka 1993 kwa masharti kwamba zisijihusishe na siasa za vyama. Kila nchi ilipata jibu lake, jingine kwa sheria, jingine kwa damu. Eswatini ilikuwa na jibu lililoandikwa tayari, ikalichana.

Nchi hiyo ilipata uhuru kutoka Uingereza Septemba 6, 1968, ikiwa na katiba ya mtindo wa Kiingereza: Bunge, vyama, mahakama huru na mfalme mwenye mipaka. Mfalme Sobhuza II, aliyerithi kiti akiwa mtoto mchanga mwaka 1899, hakuipenda katiba hiyo, ila aliikubali. Chama chake cha Imbokodvo kilitawala bila usumbufu wa maana hadi uchaguzi wa Mei 1972, ambao kilishinda viti 21 kati ya 24.

Viti vitatu vilivyobaki vilichukuliwa na chama cha upinzani cha NNLC. Mtu angedhani ushindi wa 21 kwa tatu ungemridhisha mtawala yeyote. Haukumridhisha. Serikali ilidai kwamba mmoja wa wabunge hao watatu, Bhekindlela Thomas Ngwenya, si raia bali ni mzaliwa wa Afrika Kusini, ikatoa amri afukuzwe nchini. Ngwenya alikwenda Mahakama Kuu akashinda. Serikali ikapeleka bungeni marekebisho ya sheria ya uhamiaji na kuunda baraza maalumu la kuamua masuala ya uraia, nalo baraza likamkatalia. Ngwenya akakata rufaa, na Machi 1973 Mahakama ya Rufaa ikatamka kwamba sheria hiyo mpya ilikwenda kinyume cha katiba.

Wiki chache baadaye, Aprili 12, 1973, Sobhuza aliifuta katiba. Alipiga marufuku vyama vya siasa, akachukua mamlaka yote ya kutunga sheria, kutekeleza na kusimamia haki, na kuruhusu watu kuwekwa kizuizini siku 60 bila kufikishwa mahakamani, muda ambao ungeweza kuongezwa. Sababu aliyoitoa ni kwamba katiba ile ilikuwa imeleta siasa za kigeni zisizolingana na mila za Waswazi.

Hapo ndipo ilipo asili ya mfumo uliopo leo. Haukuzaliwa kutokana na vita, wala njaa, wala jaribio la mapinduzi. Ulizaliwa kutokana na kesi moja ya uraia ambayo serikali ilishindwa.

Sobhuza alifariki dunia Agosti 1982, na baada ya miaka minne ya mivutano ya ndani ya jumba la kifalme, mwanawe Makhosetive aliyekuwa akisoma Uingereza aliapishwa Aprili 1986 akiwa na umri wa miaka 18. Alichukua jina la Mswati III. Amri ya mwaka 1973 aliirithi kama ilivyo.

Miaka 29 baada ya kesi ya Ngwenya, historia ilijirudia. Mwaka 2000 machifu wawili, Mliba Fakudze wa Macetjeni na Mtfuso Dlamini wa KaMkhweli, walikataa maeneo yao kuwekwa chini ya Mwanamfalme Maguga, ndugu yake mfalme. Walifukuzwa pamoja na watu waliowaunga mkono. Wanakijiji wakaenda mahakamani. Novemba 2002 Mahakama ya Rufaa, iliyokuwa na majaji kutoka Afrika Kusini, ilitoa maamuzi yaliyoibana serikali: waliofukuzwa warudi kwao, na mfalme hana uwezo wa kutunga sheria kwa amri yake peke yake.

Waziri Mkuu wa wakati huo, Sibusiso Dlamini, alitangaza hadharani kwamba serikali haitayatii maamuzi hayo. Majaji wote wa mahakama hiyo wakajiuzulu. Nchi ikakaa bila Mahakama ya Rufaa hadi mwaka 2004, na katika muda wote huo mfungwa aliyetaka kupinga hukumu ya Mahakama Kuu hakuwa na pa kwenda. Ni gharama ambayo aghalabu haitajwi: waliosota kwa ugomvi huo wa wakubwa ni watu waliokuwa na kesi za wizi wa ng'ombe na mirathi.

Shinikizo lililofuata lilichangia kupatikana kwa Katiba ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika mwaka 2006. Kwa maandishi, katiba hiyo inatambua haki ya watu kukusanyika na kujiunga katika vyama. Kwa maandishi hayo hayo, inasema uchaguzi utafuata sifa binafsi za mgombea kupitia mfumo wa tinkhundla. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuwa na chama, lakini chama hakiwezi kuwa na mgombea. Mfalme huteua wabunge 10 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 20 kati ya 30.

Mfumo huo wa tinkhundla ndio kiini cha jambo lenyewe, nao hauwezi kueleweka pasipo kuitazama ardhi.

Zaidi ya nusu ya ardhi ya Eswatini ni ile inayoitwa Ardhi ya Taifa la Waswazi, ambayo mfalme huishika kwa niaba ya wananchi. Mtu wa kijijini hainunui wala hana hati yake. Huiomba kwa chifu kwa utaratibu wa mila uitwao kukhonta, yaani kuahidi utii, na chifu humpa mahali pa kujenga na kulima. Chifu huyo huyo yuko chini ya mfalme. Na uchaguzi huanzia kwa chifu: wagombea hupendekezwa mbele ya watu katika makao ya chifu, na wanaounga mkono hunyoosha mikono. Kura ya siri huja baadaye.

Mkulima anayenyoosha mkono kumpendekeza mtu asiyependwa na wakubwa anafanya hivyo mbele ya watu wanaojua shamba lake liko wapi na nani alimpa. Hahitaji kutishwa na askari. Yaliyowakuta watu wa Macetjeni na KaMkhweli yanajulikana nchi nzima.

Hata hivyo, si haki kuueleza utii huo kwa hofu peke yake, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa Ulaya ambao huishia kuhesabu wake za mfalme na magari yake. Ardhi hiyo ina historia. Katika miaka ya 1880 Mfalme Mbandzeni aliwagawia wazungu hati za kuchimba, kuchunga na kulima, hati juu ya hati, hadi nchi karibu yote ikawa na madai ya wageni. Mwaka 1907 utawala wa Kiingereza ulitangaza mgawanyo, na Waswazi wakaachiwa takriban theluthi moja tu ya nchi yao.

Aliyeanza kazi ya kuikomboa ni mwanamke, Labotsibeni, bibi yake Sobhuza na mtawala wa muda, ambaye aliwahimiza vijana kwenda kufanya kazi katika migodi ya Transvaal ili fedha zao zinunue ardhi. Sobhuza aliendeleza. Alisafiri hadi London kudai haki ya watu wake, na shauri lake likafika kwenye chombo cha juu cha rufaa cha dola ya Kiingereza, ambako alishindwa mwaka 1926. Kisha wakarudi kwenye kuchanga na kununua, shamba kwa shamba.

Kwa hiyo mzee wa Kiswazi anaposema mfalme ndiye ardhi, hasemi porojo. Anakumbuka kitu kilichotendeka. Na kuna kejeli ndani yake: mfalme aliyeifuta katiba kwa sababu mahakama ilimpa haki mtu mmoja, yeye mwenyewe aliwahi kuwa mdai mahakamani, mbele ya majaji wa mkoloni, akitafuta haki ya watu wote.

Tatizo ni kwamba dhamana ile ya kushika mali kwa niaba ya taifa imepanuka kuliko ardhi. Mfuko wa Tibiyo Taka Ngwane, ulioanzishwa mwaka 1968, nao hushikwa na mfalme kwa niaba ya Waswazi. Una hisa katika sukari, ambayo ni mhimili wa uchumi wa nchi, na katika biashara nyingine nyingi. Bunge halina uwezo wa kuuhoji. Mali ni ya taifa, lakini taifa halioni vitabu vyake.

Hapo ndipo hasira za vijana wa mijini zinapoanzia. Mwaka 2018, mwaka ambao mfalme alibadili jina la nchi kutoka Swaziland kuwa Eswatini katika sherehe za kutimiza miaka 50 ya kuzaliwa kwake na ya uhuru, serikali ilipata ndege kubwa aina ya Airbus A340 kwa safari za mfalme. Mwaka uliofuata vyombo vya habari viliripoti kuwasili kwa msafara wa magari ya Rolls-Royce kwa ajili ya familia ya kifalme, wakati watumishi wa umma walikuwa wakigoma kudai nyongeza ya mishahara.

Mei 2021 mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Eswatini, Thabani Nkomonye, alikutwa amekufa, na wenzake wakawatuhumu polisi. Yaliyofuata yanastahili kuangaliwa kwa makini. Vijana hawakuanza kwa kuchoma maduka. Walikwenda kwa wabunge wao, katika vituo vya tinkhundla vilevile ambavyo serikali huvisifu kuwa ni demokrasia ya Kiswazi, wakiwa na barua za maombi. Ombi kubwa lilikuwa moja: Waziri Mkuu achaguliwe na wananchi.

Juni 24, 2021, Kaimu Waziri Mkuu Themba Masuku alipiga marufuku kupeleka barua hizo. Siku chache baadaye nchi ililipuka. Maduka na malori yaliteketezwa, jeshi likaingia mitaani, intaneti ikazimwa. Tume ya haki za binadamu ya Eswatini ilieleza baadaye kwamba watu wasiopungua 46 walipoteza maisha. Wanaharakati wanasema idadi ni kubwa zaidi.

Wabunge watatu walikuwa wamesimama hadharani na vijana hao. Mmoja, Mduduzi Simelane, alikimbia nchi. Wengine wawili, Mduduzi Bacede Mabuza na Mthandeni Dube, walikamatwa Julai 2021, wakatiwa hatiani Juni 2023 kwa makosa yakiwamo ya ugaidi, na Julai 2024 wakahukumiwa kifungo, Mabuza miaka 25 na Dube miaka 18. Walichaguliwa kwa njia ya tinkhundla, bila chama, kwa sifa zao binafsi, kama katiba inavyotaka. Kosa lao ni kuifanya kazi ambayo mfumo unadai umewapa.

Watetezi wa ufalme wana hoja zao, nazo si za kupuuzwa. Nzito kuliko zote ni Lesotho. Nchi hizo mbili ni kama mapacha: zote ni ndogo, zote zilitawaliwa na Mwingereza, zote hutegemea Afrika Kusini. Lesotho ilichukua njia ya vyama, na matokeo yake yamekuwa mapinduzi ya kijeshi mwaka 1986, Maseru kuchomwa moto baada ya uchaguzi wa mwaka 1998 na majeshi ya nchi jirani kuingia, kisha mtafaruku wa kijeshi mwaka 2014 uliomfanya Waziri Mkuu akimbie nchi. Je, hiyo ndiyo demokrasia mnayotuletea, huuliza wazee wa Mbabane.

Jibu lipo katika historia hiyo hiyo ya Lesotho. Agosti 1994 Mfalme Letsie III aliivunja serikali iliyochaguliwa na kusimamisha sehemu ya katiba. Wafanyakazi waligoma, Afrika Kusini, Botswana na Zimbabwe zikamkalia kooni, na kabla ya katikati ya Septemba alikuwa amerudisha serikali ile ile madarakani. Bado ni mfalme, na ufalme wake hauna wa kuutilia shaka. Siasa za Lesotho ni za vurugu, ndiyo, lakini hasira za Wabasotho huishia kwa mawaziri wakuu, ambao hubadilishwa. Nchini Eswatini hakuna wa kubadilishwa. Kila lawama, iwe ya dawa kukosekana hospitalini au ya ajira, inapanda ngazi moja kwa moja hadi kwa mtu mmoja ambaye sheria inakataza kumshitaki.

Mtu huyo huitwa Ngwenyama, yaani simba, na mama yake huitwa Ndlovukati, jina ambalo Mswahili analisikia mara moja ndani yake neno ndovu. Mila iliwaweka wawili kwa makusudi, mama akiwa na nguvu zake na mfalme na zake, huku mabaraza ya wazee yakimshauri. Katika mila, simba hakuwa peke yake msituni. Amri ya mwaka 1973, iliyotolewa kwa jina la mila, ndiyo iliyompa mamlaka ambayo babu zake hawakuwa nayo.

Majirani wamekuwa waangalifu. Mwaka 2011 mapato ya Eswatini kutoka Umoja wa Forodha wa Kusini mwa Afrika yalipoporomoka, Afrika Kusini ilikubali kuikopesha randi bilioni 2.4 kwa masharti yaliyogusa mageuzi. Mkopo haukuchukuliwa. Novemba 2021 Rais Cyril Ramaphosa, akiongoza chombo cha siasa na ulinzi cha SADC, alikwenda kuonana na Mswati, wakakubaliana kuhusu mazungumzo ya kitaifa. Kilichokuja ni Sibaya ya Oktoba 2023, mkutano wa kimila katika zizi la ng'ombe la kifalme, ambako wananchi huzungumza mmoja mmoja na mfalme ndiye huhitimisha. Kwa wapinzani, mkutano ambao upande mmoja ndio unaouitisha na kuufunga hauwezi kuitwa mazungumzo.

Julai 2025 Eswatini ilipokea watu watano waliofukuzwa Marekani, wa kutoka Cuba, Jamaica, Laos, Vietnam na Yemen, na Oktoba mwaka huo ikapokea wengine 10. Wananchi walizipata habari hizo kutoka Washington. Wakili wa Kiswazi aliyetaka kuwaona waliokuwa gerezani alizuiwa, akaenda Mahakama Kuu, na Oktoba 2025 mahakama ikaamuru aruhusiwe. Serikali ilikata rufaa papo hapo.

Uchaguzi mkuu wa mwisho ulifanyika Septemba 2023, na mfalme akamteua Russell Dlamini kuwa Waziri Mkuu. Ujao umepangwa mwaka 2028. Utaanzia kwa chifu, kwa kunyoosha mikono.